Namna ya Kuunda Timu ya Mpira Pasipo Kununua Mchezaji

Mhariri wa gazeti hili, mwanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu, alinijia ofisini mwisho wa muhula uliopita, akaniamkia, akasema: "Mwalimu, wenzangu wanauliza kwa nini ile shule ya Korogwe hutufunga kila mwaka, hali vijana wao si wakubwa kuliko sisi. Tunaomba utuandikie somo." Nalimjibu kwamba nitaandika, lakini litakuwa somo la kweli, na kweli nyingine haitanipendeza mimi mwenyewe. Basi ndilo hili. Asiyependa mpira na alisome hata hivyo.

Yatupasa kwanza kujua tofauti ya shule na klabu. Klabu ikikosa golikipa humtafuta, hupatana naye bei, humsajili, na kesho yake yuko uwanjani. Coastal Union ya Tanga, waliotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988, wanaweza kumwita mchezaji kutoka mkoa wowote. Mwalimu wa michezo wa shule ya Serikali hana uwezo huo. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza hupangwa na Serikali baada ya mtihani wa darasa la saba, na shule ya kutwa kama yetu hupokea hasa watoto wa kata zinazoizunguka. Wale wa Kidato cha Tano hupangwa kwa matokeo ya Kidato cha Nne. Katika hesabu hizo hakuna alama hata moja ya mguu wa kushoto. Wala hatuna zawadi ya kumvutia mtu, kwa maana ada ilifutwa tangu Januari 2016 kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, na mwaka 2022 ikafutwa kwa vidato vya juu. Huwezi kumsamehe mtu deni asilokuwa nalo.

Zipo shule zilizofuata njia nyingine. Makongo ya Dar es Salaam ilijulikana nchi nzima, hasa miaka ya 1990 na baadaye, kwa kuwakusanya vijana wenye vipaji vya michezo. Shule za Alliance za Mwanza zililea vijana hata timu yao ikapanda Ligi Kuu mwaka 2018. Siwaonei wivu; kazi yao ni njema. Lakini kazi yao si yetu, na mwalimu wa Handeni akitaka kuiga Alliance atapoteza miaka yake bure.

Wanaofanana nasi wako mbali zaidi. Huko Marekani chama cha michezo ya vyuo, kiitwacho NCAA, kiligawa vyuo vyake katika madaraja matatu mwaka 1973. Vyuo vya daraja la tatu, ambavyo leo ni zaidi ya 400 na vingi ni vidogo, vimekatazwa kumlipia mwanafunzi masomo kwa sababu ya michezo. Mchezaji hupata msaada ule ule apatao mwanafunzi mwingine, ama kwa umaskini wa kwao ama kwa alama zake za darasani. Mpira wao ni ule wenye umbo la yai, lakini shida yao twaijua: kocha hana fedha ya kumwonyesha mtu. Afanyeje? Huandika barua, hupiga simu, huenda nyumbani kwa kijana, huketi na wazazi wake, hueleza shule ilivyo. Chuo cha Mount Union, katika mji uitwao Alliance (jina kama la ndugu zetu wa Mwanza, wala hawana udugu), kilitwaa ubingwa wa daraja hilo mara 13 kati ya mwaka 1993 na 2017 kwa njia hiyo. Nalipoyasoma hayo nalijiuliza: ikiwa watu wenye ndege na magari huenda nyumbani kwa mchezaji, mimi mwenye wachezaji wanaokaa mwendo wa baiskeli, kwa nini sijawahi kubisha hodi?

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, nayo huanza kwa kuwatafuta wachezaji ambao tayari tunao.

Usisimame mbele ya paredi ukauliza, "Nani anajua mpira?" Mikono sabini itanyanyuliwa, na mkono wa yule umtakaye hautakuwamo. Mwaka juzi nalianza kuandika daftari. Kila mtoto wa Kidato cha Kwanza namwuliza mambo manne: alisoma shule gani ya msingi, je, alifika mashindano ya UMITASHUMTA na ngazi gani, anakaa wapi na huja shuleni kwa njia gani, na mchezo gani mwingine aupendao. Majibu hunifundisha mengi. Mtoto atokaye upande wa Sindeni kwa baiskeli kila siku ana mapafu ambayo sikuyajenga mimi. Golikipa wetu wa sasa hakusema neno juu ya mpira. Aliandika kwamba hupenda wavu. Nalikwenda kumtazama akirukia mpira kwenye wavu, nikaona mikono yake, nikanyamaza siku tatu ili nisimtishe. Siku ya nne nalimwomba asimame golini dakika kumi tu. Hajatoka tangu siku hiyo.

Baada ya daftari, tazama. Wengi hutazama mguu. Mimi hutazama shingo. Mchezaji mzuri hugeuza kichwa kabla mpira haujamfikia, ili ajue nani yuko nyuma yake. Asiyegeuka huupokea kama mgeni asiyetazamiwa, asijue pa kumkalisha. Jambo la pili, tazama afanyalo mtu akinyang'anywa mpira. Yuko anayesimama, mikono kiunoni, akimlaumu mwenzake. Yuko anayegeuka na kufukuza kabla hata hujamwona amenyang'anywa. Huyo wa pili mfundishe kupiga chenga, atajifunza. Yule wa kwanza na chenga zake zote atakutia aibu dakika ya themanini.

Kadhalika usiwasahau wasichana. UMISSETA ina mpira wa miguu wa wasichana pia, na huko ndiko shule ndogo yaweza kupata nafasi upesi, kwa maana wengi hawajaanza. Walakini kwao kikwazo ni maji. Mji wetu hupata maji ya bomba yanayotoka mto Pangani, upande wa Korogwe (wenzetu wanaotufunga wanatunywesha pia), na bomba likikauka watoto huenda kwenye malambo. Nani huenda? Dada, si kaka. Ukipanga mazoezi saa kumi jioni umempanga msichana achague kati yako na ndoo ya mama yake, na lazima achague ndoo. Sisi tulihamisha mazoezi yao yakawa saa tisa kasoro robo, mara tu baada ya vipindi, kivulini kwanza, na tukawaruhusu waende saa kumi. Walikuwa saba. Sasa ni kumi na tisa.

Hapo ndipo huja kazi ya kubisha hodi. Nenda kwa mzazi. Usiende na mchezaji mwenyewe akiwa nyuma yako kama mshitakiwa; nenda peke yako au na mwalimu wa darasa lake. Mzazi atakuuliza swali moja, nami nimeulizwa swali hilo Kideleko, Mkata na hata Kabuku: "Atapata nini?" Hapa walimu wengi husema uongo mtamu. Huwataja Simba na Yanga, hutaja Ulaya, hutaja mamilioni. Mimi husema hivi: "Mzee, hatapata fedha. Atapata jezi ya kuvaa siku ya mechi, nayo atairudisha. Atachelewa nyumbani siku tatu kwa juma. Nitamwangalia daftari zake, na alama zikishuka nitamtoa timuni mpaka zipande. Akiumia nitakuja hapa mimi mwenyewe kukuambia." Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, wewe hujui biashara." Lakini alimruhusu mtoto.

Sasa jambo la pili, nalo ndilo jibu la swali la mhariri. Mwaka jana nalikwenda Korogwe kwa siri ya Mungu, siku ya Jumatano ya Januari, nikakaa chini ya mwembe nitazame wale wanaotufunga. Nalidhani nitaona majitu. Nikakuta watoto ishirini na wanne, mipira mitatu, na magoli madogo ya milingoti ya mkonge iliyochomekwa ardhini. Hawakuwa wakicheza mechi. Walikuwa wamegawanywa makundi matatu, kila kundi wanne kwa wanne. Mwalimu wao alikuwa ameketi juu ya jiwe, na saa mkononi.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Watoto 24 wakicheza kumi na wawili kwa kumi na wawili kwa mpira mmoja, katika dakika 30 kila mmoja hupata, tukigawa sawasawa, dakika moja na robo ya kuwa na mpira. Mipira miwili imelala kwenye nyasi haina kazi. Lakini ukiwagawa wanane wanane kwa mipira mitatu, dakika zile zile 30 humpa kila mtoto dakika tatu na sekunde arobaini na tano. Ni mara tatu. Siku tatu kwa juma, kwa majuma kumi, yule wa Korogwe amegusa mpira kwa saa moja na dakika hamsini na mbili hivi. Wangu, niliyemwacha akicheza mechi kubwa, amegusa kwa dakika 37 na nusu. Nguvu za mwili hazina habari hapo. Tena ilikuwa Januari! Sisi wakati huo tulikuwa hatujapaka chokaa mistari ya uwanja.

Kalenda yetu yajulikana. Shule hufunguliwa Januari, mashindano ya UMISSETA ya shule, kata, wilaya na mkoa hufuatana mpaka karibu na likizo ya katikati ya mwaka, kisha taifa huwa mwezi Juni. Masika hutujia kuanzia Machi, na uwanja huwa tope. Kwa hiyo majuma ya ukavu ni yale ya Januari na Februari, nayo ndiyo majuma ya jua kali. Timu huundwa wakati huo au haiundwi.

Juu ya jua nataka kusema kwa urefu kidogo, kwa sababu walimu wa zamani walitufundisha vibaya. Tuliambiwa kwamba kunywa maji mazoezini hukata pumzi. Si kweli. Mwili wa mtu akimbiaye hujipoza kwa jasho, na jasho ni maji. Ukimnyima maji umemnyima feni yake. Huko huko Marekani, baada ya vijana kufa kwa joto katika mazoezi ya mwezi wa Agosti, waliweka kanuni mwaka 2003 kwamba siku tano za kwanza mchezaji aingizwe polepole, na siku mbili za mwanzo avae kofia yake ya kuchezea tu bila zile nguo nzito za kinga. Maana yake ni kwamba mwili hujifunza joto kama mtoto ajifunzavyo kusoma: hufundishwa kila siku kidogo, na kwa muda wa majuma mawili hivi huwa umezoea. Sisi hatuvai kofia, lakini kanuni yenyewe ni yetu pia. Juma la kwanza sisi hufanya dakika 30, jioni, pamoja na vipindi viwili vya kunywa maji. Juma la pili 40. Hatufiki saa moja na nusu kabla ya juma la sita.

Mchezaji akianza kupepesuka, akisema maneno yasiyo na maana, au akianguka, usiseme "anajifanya." Mpeleke kivulini, mvue shati, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mtu mwingine akimbie kuita gari. Mpoze kwanza, ndipo umpeleke hospitali. Usingoje gari ndipo uanze kumpoza. Kila nahodha wangu amekariri maneno haya, na nitawauliza tena muhula huu.

Liko na suala la tumbo. Wako watoto hapa ambao tangu ugali wa jana usiku hawajaonja kitu mpaka makande ya mchana, na siku nyingine makande hayapo. Mtoto asiyekula usimkimbize. Mwulize kwa faragha, si mbele ya wenzake, kwa sababu atasema amekula. Vivyo hivyo kwa wanaofunga. Mwaka 2025 mwezi wa Ramadhani ulianza mwanzoni mwa Machi, na mwaka 2026 ulirudi nyuma mpaka Februari, yaani katikati kabisa ya maandalizi. Waliofunga hatukuwakimbiza. Waligusa mpira kwa upole, wakajifunza pasi na mahali pa kusimama, kisha wakaenda kufuturu. Hakuna aliyepungukiwa na kitu.

Ili mjue kama mmezidisha, iko njia rahisi aliyoieneza mtaalamu wa Marekani aitwaye Carl Foster. Baada ya mazoezi mwulize kila mchezaji: "Kutoka moja hadi kumi, leo ilikuwa ngumu kiasi gani?" Zidisha jibu lake kwa dakika alizofanya. Dakika 40 kwa ugumu wa 5 ni 200. Dakika 60 kwa ugumu wa 8 ni 480. Jumlisha ya juma zima. Jumla ya juma hili ikiwa imeruka mbali kuliko ya juma lililopita, basi juma lijalo utatembelewa na majeruhi. Katibu wa timu huandika hesabu hiyo kwenye daftari, na mwalimu wa hisabati huitumia kwa mazoezi ya wastani, jambo ambalo wachezaji hawalipendi.

Na kabla ya kuanza, viungo viamshwe. FIFA walitoa mwaka 2006 utaratibu wao uitwao 11+, una mazoezi 15 na huchukua kama dakika ishirini: kukimbia polepole, kusimama kwa mguu mmoja, kupiga magoti na kuinama mbele huku mwenzako amekushika vifundo, kuruka na kutua. Hauhitaji kifaa ila mpira. Ulijaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba majeraha yalipungua kwa theluthi moja hivi. Wanafunzi huona ni upuuzi kwa juma moja la kwanza. Waacheni wacheke.

Sasa nalivyojifunza haya. Nalisema kweli nyingine haitanipendeza.

Miaka kadhaa iliyopita nalikuwa nafundisha shule nyingine, ambayo sitaitaja. Januari na Februari sikufanya lolote. Nalikuwa na mambo yangu, na nalijiambia kwamba vijana hucheza wenyewe chandimu mitaani, yatosha. Zilipobaki siku kumi na nne kabla ya mechi za wilaya nikashtuka. Nikawakusanya vijana asubuhi na jioni, nikawapandisha kilima na kuwashusha, bila kuamsha viungo, bila hesabu, nikijiona mwalimu hodari kwa sababu napiga filimbi. Katika siku kumi na moja nalipoteza wachezaji watatu: mmoja msuli wa nyuma ya paja, mmoja kifundo cha mguu, mmoja goti. Huyo wa goti anachechemea mpaka leo.

Nikabaki na pengo. Mwenzangu mmoja akaniambia, "Mbona unahangaika? Nitakuletea wawili." Akawaleta. Mmoja alikuwa amemaliza Kidato cha Nne miaka miwili nyuma, akiendesha bodaboda. Wa pili alikuwa mchezaji wa timu ya mtaa. Ndio wale tunaowaita mamluki. Nikawapa jezi, nikawapa majina ya wanafunzi wawili wasiocheza mpira, nikawafundisha majina ya walimu wasije wakakwama wakiulizwa.

Tulikuwa na winga wa kulia, kijana wa Kidato cha Tatu, mdogo wa mwili, aliyekuja mazoezini siku zote kumi na moja asikose hata moja. Hakuumia. Lakini yule wa bodaboda naye alikuwa winga wa kulia, tena mzuri. Nikamwambia kijana, "Leo utakaa benchi, kesho utacheza." Akasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Sikujua kwamba alikuwa amepeleka habari kwao. Baba yake alikuja kwa baiskeli, kilometa kumi na nne, na mahindi ya kuchoma amefunga kwenye gazeti. Alikaa pembeni ya uwanja mechi nzima. Tulishinda tatu bila, na yule wa namba saba alifunga mawili. Mechi ilipokwisha mzee alinijia. Nalimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akajibu, "Marahaba, Mwalimu. Hongereni." Kisha akauliza kwa upole kabisa: "Yule kijana wa namba saba, anayemweka mwanangu nje, ni wa kidato gani?"

Nikasema, "Cha Nne, Mzee."

Mwanawe alikuwa amesimama pale pale, akila hindi. Aliacha kutafuna, akanitazama, kisha akatazama chini. Mzee akasema, "Basi ni mkubwa wake, si vibaya, zamu yake itafika," akapanda baiskeli.

Mechi ya pili mwalimu wa upande wa pili alishuku. Akaomba mbele ya kamati kwamba namba saba aandike kwenye karatasi jina lake, majina mawili ya wazazi na shule aliyosomea darasa la saba. Aliandika jina la kwanza, akasimama hapo. Tulinyang'anywa pointi zote, pamoja na zile za mechi ya kwanza, tukarudi nyumbani kwa lori. Siku hizi kila mtoto ana namba yake ya usajili na uhakiki ni mkali zaidi. Lakini ujanja nao hukua, na mwalimu atakaye kuiba bado ataiba. Mimi sikukamatwa kwa sababu ya uhakiki. Nalikuwa nimekwisha kukamatwa siku ile ya mahindi.

Kijana yule hakurudi mazoezini. Nalimwita. Nikajieleza kwa maneno mengi, majeruhi, heshima ya shule, na kadhalika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, nalidhani nafasi ni ya mwanafunzi." Hakulisema kwa jeuri. Aliendelea kunisalimu kila asubuhi mpaka alipomaliza Kidato cha Nne, na mpira hakuugusa tena mbele ya macho yangu.

Watu huuliza mamluki hudhuru nini, maana wapinzani nao wanao. Ninyi wanafunzi fanyeni hesabu nyingine, si ya dakika. Shule ya Serikali haina cha kumpa mchezaji: haina mshahara, haina ada ya kusamehe, viatu vyenyewe hujinunulia ama hucheza peku. Kitu kimoja tu tunacho, nacho ni nafasi. Nikimpa nafasi hiyo mtu wa nje, nimebaki na nini cha kwenda nacho nyumbani kwa mzazi?

Kwa hiyo mwaka huu tumeanza juma la pili la Januari. Ubao wa matangazo unayo majina arobaini na moja ya wavulana na kumi na tisa ya wasichana, na wote wamo katika daftari la shule. Mipira ni minne, mmoja umeshonwa. Tumeomba milingoti ya mkonge kwa rafiki wa shamba moja karibu na Hale, nayo italetwa na gari la mbao. Sitaahidi kwamba tutawafunga Korogwe. Wao wametutangulia kwa miaka, na yule mwalimu mwenye saa bado yuko juu ya jiwe lake.

Liko jambo moja bado halijakamilika. Nilipokuwa nikijaza daftari la Kidato cha Kwanza nilikuta jina la baba ambalo nalikwisha kulijua. Mtoto mwenyewe anakaa kwa shangazi yake, hapa Chanika. Kwenye swali la nne ameandika kwamba hapendi mchezo wowote. Lakini Alhamisi wakati wa mapumziko nalimwona akipiga chungwa bovu nyuma ya darasa, kwa mguu wa kushoto, na kabla ya kulipokea aligeuza kichwa. Nimeuliza nyumba yao iliko. Nimeambiwa baba yake huja kumtazama kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa baiskeli ile ile, na Jumamosi hiyo ni keshokutwa.